Upande wa Kilonzo, Upande wa Mbinya

Kilonzo hupangusa kitu kabla ya kukitumia. Kanisani hupangusa benchi kwa kitambaa cha mfukoni, hata kama mkewe Mbinya ameshaketi hapo hapo kando. Nyumbani hupangusa miwani, kisha meza, kisha kifuniko cha laptopu, ndipo anaketi. Tumeishi ukuta kwa ukuta hapa Maringo, Nairobi, tangu watoto wetu wakiruka kamba ya blada mbele ya milango, na sijawahi kumwona akifungua kitu kwa pupa.

Alikuwa karani wa stoo huko Industrial Area, upande ule unaopakana na Mukuru kwa Reuben. Kampuni ilipoifunga stoo, wafanyakazi waliambiwa wachukue vilivyobaki. Wenzake walikimbilia viti na makabati. Yeye alirudi nyumbani na laptopu kuukuu iliyokuwa ikikaa kwenye lango la mizigo. Bawaba moja ilishikwa kwa waya. Betri yake ilikuwa imekufa na ya aina ile haikupatikana tena, kwa hiyo laptopu iliishi kwa stima ya ukutani tu. Ukichomoa, imezimika papo hapo.

“Waume wa wenzangu wameleta makochi,” Mbinya aliniambia siku hiyo. “Wangu ameleta sinia.”

Lakini sinia lile ndilo lililompa Mbinya kazi. Mbinya hudarizi beji za shule, zile za kushonwa kwenye sweta na kwenye mfuko wa koti. Mashine yake ya kudarizi aliinunua ikiwa mtumba. Inapokea michoro kutoka kwenye kompyuta kwa waya wenye kichwa kipana, na laptopu za siku hizi hazina tundu la kichwa hicho. Programu ya kuiongoza nayo hukubali Windows ya zamani peke yake. Sidii yake ilipasuka walipokuwa wakihamisha kabati, na aliyewauzia hapatikani tena. Kwa hiyo katika dunia hii yote, mahali pamoja tu ndipo beji za Mbinya zingeweza kutoka, napo ni ndani ya laptopu ile yenye bawaba ya waya.

Uzi wa kudarizi Mbinya huununua Eastleigh, kwa Yonis, muuzaji wa jumla ambaye duka lake limejaa rangi mpaka darini. Mbinya huchagua uzi polepole. Anautoa nje kwenye jua, anaurudisha, anatoa mwingine. Katika kungoja huko ndiko Kilonzo na Yonis walikojuana. Yonis ni mpenzi wa kompyuta; hesabu za duka huziweka kwenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na akikupata una nafasi atakueleza kwa nini. Siku moja Kilonzo alimpelekea laptopu, akalalamika kwamba imekuwa nzito. Ilirudi imegawanywa pande mbili. Windows ya Mbinya ilibaki ilivyokuwa, na kando yake pakawa na Linux ya Kilonzo.

“Mzee, sasa uko na wake wawili ndani ya boma moja,” Yonis alimwambia. “Sisi Waislamu tumeamriwa, ukiwa nao wawili, haki sawa. Sijui nyinyi watu wa kwaya mtafanya nini.”

“Sisi tuna mmoja tu,” Kilonzo akamjibu, “na huyo mmoja anatosha kwa wanne.”

Mbinya alikuwa mlangoni na uzi mkononi. “Nimesikia,” alisema.

Kilonzo ndiye mwalimu wa kwaya yetu. Upande wake aliutumia kuandikia nyimbo kwa noti za do re mi, sauti nne nne, safi kiasi kwamba hata sisi wa alto tusiosoma haraka tuliweza kuzifuata. Laptopu ikiwashwa, kwanza ilionyesha mistari miwili: wa juu upande wa Kilonzo, wa chini upande wa Mbinya. Usipochagua upesi, ilijiingilia yenyewe kwa Kilonzo. Nilizoea kusikia mbio upande wa pili wa ukuta, sufuria ikiwekwa chini kwa kishindo, Mbinya akitoka jikoni na mikono ya sabuni ili awahi kubonyeza mshale. Kisha, mara nyingi, sauti yake: “Imeniingiza kwako tena, Baba Kavinya!”

Mwaka huu kwaya yetu ilialikwa kuimba mjini Wote, Makueni, mwezi wa Desemba. Mwalimu wa kwaya ya huko akamtumia Kilonzo wimbo tutakaouimba pamoja. Faili ikakataa kufunguka. Iliandikwa kwa programu mpya, na programu mpya ilitaka mfumo mpya, na mfumo wa Kilonzo ulikuwa wa zamani kiasi kwamba haukuwa ukitengenezewa marekebisho tena. Ilibidi aupandishe hadi toleo jipya.

Mbinya hakufurahi. Ilikuwa Novemba. Shule moja ya upili ilikuwa imemwagiza beji za wanafunzi wapya wa Januari, beji yenye taa, kitabu na mlima, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupata shule nzima peke yake bila kupitia kwa mtu.

“Huo wako pandisha ufike mbinguni,” alisema. “Wangu ukiguswa, Baba Kavinya, nitaenda kudarizi kwa mkono mbele ya kanisa, niwaambie watu wote aliyenifikisha hapo.”

“Upande wako sitaugusa.”

“Umesema.”

“Nimesema.”

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Kilonzo alipangusa meza, akapangusa laptopu, akaanza. Aliniambia baadaye kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Mashine ilipakua vipande vyake kwa utulivu, kisha ikaanza kuvipanga, mstari baada ya mstari. Ilikuwa bado na kazi kubwa saa ya mazoezi ya kwaya ilipofika. Kilonzo hachelewi mazoezi. Aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, INAENDELEA. USIZIME, akaiegemeza kwenye kioo cha laptopu, akamwonyesha Mbinya, Mbinya akaitikia kwa kichwa huku akikata vitambaa vya beji. Tukaondoka pamoja kwenda kanisani.

Hatukuwa tumefika mbali na ubeti wa kwanza wakati mbingu ilipopasuka. Ilikuwa mvua ya mawe, ile ya kupiga mabati mpaka usisikie sauti yako mwenyewe. Radi moja ilitikisa madirisha ya kanisa. Kilonzo aliacha kuongoza, mkono wake ukabaki hewani.

“Stima ikipotea…” alisema, akiangalia juu. Taa za kanisa ziliwaka tu. Akashusha pumzi. “Haya. Besi, mrudi pale pale mlipopotelea.”

Stima haikupotea Maringo jioni ile. Kilichotokea nyumbani kwake nilikipata kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, tulipokuwa tukianua nguo kwenye kamba. Mbinya aliangalia huku na huku kama mtu aliyeiba kuku.

“Mama Mulama, nimeua kompyuta.”

“Umeiua vipi?”

“Radi.”

Mbinya alizaliwa huko Mwingi. Kwao radi iliwahi kupiga mti uani mchana kweupe na kuchoma mbuzi watatu waliojikinga chini yake, na tangu hapo mama yake alikuwa na sheria zake. Ngurumo ya kwanza, vioo vyote vinafunikwa kwa leso. Ya pili, masufuria yanaondolewa mlangoni. Walipopata redio, nayo ikaingizwa katika sheria. Mbinya alikuja Nairobi na sheria hizo zote mikononi. Nimemwona akifanya hivyo miaka yote, na hafikiri. Anaweza kuwa anakusimulia habari za harusi huku mikono yake ikichomoa runinga, friji, pasi na redio, na neno lake halikatiki.

“Nilifunika kioo,” aliniambia. “Nikachomoa runinga. Nikachomoa friji. Nikachomoa hiyo nyingine. Halafu nikaona ile karatasi yake imeanguka sakafuni. Ngai! Nikairudisha plagi mara moja, nikabonyeza. Ikatoa kioo cheusi na maandishi meupe ya Kizungu, na kile kitu kinapepesa, kinapepesa, kama kinaniuliza mimi.”

“Si alikuwa ameandika usizime?”

“Sikuizima! Nilichomoa tu.” Kisha akajisikia mwenyewe, akafunika mdomo kwa shuka la kitanda, na sikujua kama anacheka au analia. Vyote viwili, nadhani.

“Ulimwambia?”

“Aliingia amelowa mpaka soksi. Akaangalia mashine. Akaniangalia mimi. Akasema, ‘Nadhani nimeiharibu, Mama Kavinya. Nilikuwa na haraka.’ Mtu huyu! Haraka! Wewe umewahi kumwona na haraka? Nikataka kusema, mdomo ukakauka. Na sasa kila akipita ananiambia pole. Mimi! Ananiambia mimi pole!”

Nilimwambia aende aseme. Alisema atasema. Jioni ile nilisikia ukutani wakizungumza habari za sukari.

Jumatatu Kilonzo alienda Eastleigh. Yonis alimwona kwa mbali akija na mfuko ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

“Niaje, mzee! Form ni gani? Leo hukuja na mama?”

“Leo nimekuja na mgonjwa.”

Yonis alifungua, akawasha, akasoma maandishi meupe. Kilonzo anasema alikuwa akimtazama usoni kama unavyomtazama daktari anaposhika picha juu ya taa.

“Ilikatwa katikati,” Yonis alisema. “Wewe ulikuwa umetoka mfumo wa zamani na hujafika kwa mpya. Umesimama barabarani. Na mlango wa pande zote mbili uko kwako, si kwake. Kwa hivyo wewe umeanguka na ufunguo wake mfukoni.”

“Na upande wake?”

“Sidhani umeumia. Lakini sitaki kuapa.”

Alimtengenezea flashi yenye Linux mpya, akamweleza kila hatua, na Kilonzo akarudia kila hatua kwa sauti mpaka Yonis akachoka. Jambo moja Yonis alilisisitiza mara nyingi. Wakati wa kuweka mfumo upya, mashine itauliza uuweke wapi, na jibu la kwanza itakalokuonyesha, limeshatiwa alama tayari, ni kufuta diski nzima.

“Ukibonyeza hilo,” Yonis alisema, “usirudi nyumbani. Njoo nikupe kazi ya kupanga uzi.”

Aliporudi nilikuwa nimekaa kwao. Mbinya alikuwa ameniita nimsaidie kukata vitambaa, ingawa hakuna aliyekuwa na haja ya vitambaa saa ile. Kilonzo alipangusa meza. Akapangusa flashi. Akaichomeka, akawasha, na baada ya kitambo kioo kikang’aa rangi. Flashi ilikuwa imefungua Linux yake yenyewe, bila kugusa chochote ndani ya laptopu. Akaanza kutafuta kwenye diski, taratibu, kabati moja baada ya jingine.

“Mama Kavinya, njoo uone.”

Kwenye kioo palikuwa na orodha ya michoro. Taa, kitabu na mlima. Mbinya alisogea karibu mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

“Ni zangu.”

“Ni zako. Ziko salama. Na nyimbo zangu hizi hapa.” Akanakili vyote kwenye flashi nyingine, michoro na nyimbo, kabla ya kuendelea.

“Basi imepona!”

“Michoro imepona. Lakini programu yako haiwezi kunakiliwa hivi. Hiyo lazima upande wako ufunguke wenyewe, kutoka pale ulipo. Nao hautafunguka mpaka niweke mlango mpya.” Akasogeza kiti karibu na meza. “Na ili niweke mlango, kuna swali nitaulizwa.”

Akasonga hatua moja, mbili, kisha ukurasa ukatokea. Hata mimi nisiyejua mambo hayo niliona kidoti cheusi kimekaa kwenye mstari wa juu, kikingoja. Kilonzo alishusha mkono, akaurudisha mapajani.

“Keti,” alimwambia Mbinya. “Tusome pamoja, kama wimbo mpya. Hatuimbi mpaka tumesoma. Mstari wa juu unasema futa diski yote.”

“Tunaukataa,” Mbinya alisema.

“Wa chini yake unasema nitachagua mwenyewe.”

“Huo.”

Akauchagua. Zikatokea sehemu za diski, zimepangwa kama vyumba. “Hiki kikubwa ni chako. Hiki cha pili ni changu. Nitaweka mfumo mpya ndani ya changu peke yake.” Mshale ulikuwa juu ya chumba chake, lakini hakubonyeza. “Siamini mkono wangu, Mbinya. Uliharibu mara moja.”

Mbinya alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

“Hukuharibu wewe!” alisema. “Nilichomoa mimi. Radi ilipiga, nikachomoa kila kitu, nikachomoa na hiyo. Haya. Nimesema. Mama Mulama anajua.”

Nilitazama vitambaa vyangu.

“Najua,” Kilonzo akasema.

“Amekwambia?”

“Hapana. Kioo cha ukutani. Niliporudi Jumamosi kilikuwa kimevaa leso yako, na runinga imechomolewa. Kulikuwa na nini cha kuuliza?”

Mbinya aligeuka akatazama kioo cha ukutani. Leso ilikuwa bado iko pale pale. Katika hofu yake alikuwa amesahau kuitoa, na tangu Jumamosi wote wawili walikuwa wakijichania nywele bila kioo, mmoja kwa kusahau, mwingine kwa kuogopa kuigusa.

“Na ukanyamaza! Siku zote hizi nakula ugali kama mchanga, wewe unajua, unaniambia pole!”

“Nilikwenda kuimba nikakuacha na mashine isiyo na betri na mbingu nyeusi. Ninaishi na wewe tangu lini? Ningeandika kwenye karatasi, radi ikipiga usichomoe.”

“Ungeandika.”

“Ningeandika.”

“Ningechomoa hivyo hivyo,” alisema Mbinya. Akakiinua kiti, akakisogeza mpaka bega lake likagusa la mumewe, akaweka kidole chake juu ya kile cha Kilonzo. Wakabonyeza wote wawili.

Ilichukua muda. Mbinya alichemsha chai, na mara mbili alitoka nje kuangalia mawingu. Mwishowe mashine ikajizima, ikajiwasha, na mistari ikatokea. Kilonzo akaisoma, akaisoma tena. Hakupangusa miwani.

“Nini?” Mbinya akauliza.

“Upande wako haumo.”

Sikumbuki aliyesimama kwanza. Kilonzo alimpigia Yonis, akaweka sauti nje ili sote tusikie.

“Umefuta?” Yonis akauliza.

“Sikufuta! Tumesoma kila mstari, watu wawili.”

“Basi tulia, mzee. Chumba kipo, hakijaandikwa langoni tu. Hizi mpya haziangalii majirani mpaka uziambie ziangalie. Mama yupo hapo? Mama, usimpige kwanza.”

“Una dakika kidogo, Yonis,” Mbinya akasema.

Yonis alimsomea neno la kuandika, herufi kwa herufi, kisha amri ya kupanga lango upya. Kilonzo aliandika kwa kidole kimoja. Maandishi yakapita. Halafu, katikati yake, likatokea jina la Windows, na Mbinya ambaye hasomi mambo hayo alilisoma kabla yetu sote, kwa sauti ya kanisani.

Waliwasha tena. Mistari miwili. Mbinya akabonyeza mshale, akaingia kwake, akafungua programu, akaunganisha waya. Mashine ya kudarizi ikanguruma kidogo, ikasita, kisha sindano ikaanza kushuka na kupanda. Tulisimama tukiangalia mpaka taa ilipokamilika kwenye kitambaa, kwa uzi wa manjano. Mbinya alienda akaitoa leso kwenye kioo, akajitazama, akasema, “Nywele hizi, na mlikuwa mnaniangalia tu.”

Siku iliyofuata nilisikia mbio ukutani, kishindo cha sufuria, hatua za Mbinya kutoka jikoni. Kisha kimya. Nilingoja kusikia “Imeniingiza kwako tena,” haikuja. Baadaye aliniambia kwamba alifika na mikono ya sabuni akakuta laptopu imeshaingia kwake yenyewe. Kilonzo alikuwa ameupeleka mstari wa Mbinya juu, na wake mwenyewe chini, na hakumwambia mtu. Siku hizi anayekimbia kuwahi mshale ni Kilonzo, naye, kama nilivyosema, hana haraka. Mara nyingi namsikia akiwasha upya.

Tuliimba huko Wote. Beji zilifika shuleni kabla ya wanafunzi.

Juzi, katika mazoezi, mbingu ilijikunja tena. Ngurumo ya kwanza ilipopita, simu ya Kilonzo ikalia juu ya kinanda. Alinyanyua mkono tunyamaze, akaipokea, na kwa kuwa masikio yake si mazuri kama zamani na simu huiweka sauti ya juu, sote tulisikia.

“Baba Kavinya, nimeshafunika kioo. Nimechomoa runinga na friji. Kwenye laptopu yako kuna kitu kinapanda?”

“Hakuna, Mama Kavinya. Chomoa.”

“Una hakika?”

“Chomoa, mpenzi.”

Wa sauti ya kwanza waliguna wote kwa pamoja. Kilonzo aliirudisha simu juu ya kinanda, akaipangusa, akatupa ‘do’.